Zénaïde Avushwa Kijito

Askofu alipoigawa parokia yetu, huku mashambani Quebec, kijito ndicho kilichokuwa mpaka. Upande wa kaskazini ukapata kanisa jipya na makaburi yake, na aliyefia huko alizikwa huko. Shamba la Zénaïde lilikuwa huko, ila marehemu mumewe, Hormisdas, alikuwa amezikwa kwetu kusini.

"Nikifa watanilaza na wageni," alimwambia shemeji yake Damase, jirani yangu, aliyekuwa amefiwa na mke.

"Basi usife, shemeji."

"Nahamia kwako."

Alihamia wiki ileile na jiko lake la chuma. Watu walisema, wakachoka. Wawili hao waliishi miaka mingi wakigombania uzito wa supu ya njegere.

Vuli moja Zénaïde alivuka daraja kwenda kuchuma matufaha shambani kwake. Alipokawia, mimi na Damase tulimfuata, tukamkuta chini ya mti, amekwisha kufa.

Damase alivua kofia. Kisha akalitazama kanisa jipya pale kilimani.

"Mshike miguu," akaniambia.

"Si tumwite padri kwanza?"

"Padri yupi, wa huku? Tumvushe, halafu tumwite wa kwetu."

Tulimlaza kwenye mkokoteni wa matufaha, tukamfunika koti la Damase, tukavuka naye. Padri wetu alimkuta kitandani na hakuuliza kitu. Tulimzika kando ya Hormisdas, ardhi ikiwa bado haijaganda.