Vifaranga wa Darasa la Sita

Cheo cha mwalimu wa taaluma hapa shuleni kwetu Tegeta kiligombewa na watu wawili: mimi, Zuena, na Mwalimu Gaudens wa Hisabati. Mwalimu Mkuu angetangaza Ijumaa. Kila kikao alimsifia Gaudens na projekta yake, na mimi roho iliniuma, sitadanganya.

Jumatano, nikifundisha darasa la tano, nilimsikia Gaudens ng'ambo ya ukuta, darasa la sita, akifundisha kujumlisha nusu na robo, na nyuma ya sauti yake vifaranga wanalia. Darasani vifaranga wametoka wapi? Nikaenda kuchungulia dirishani. Mbele hapakuwa na mtu. Gaudens alikuwa ukutani, kwenye video aliyojirekodi nyumbani kwake, karibu na banda. Mwenyewe alikuwa ameenda kulisha kuku.

Nilikwenda ofisini mbio, nusura nikanyage gauni.

"Madam, naomba uje ujionee mwenyewe."

Madam Avelina, Mwalimu Mkuu wetu, ni mama ambaye hata wazazi wakimwona huzima simu. Aliingia kimya kimya, akasimama nyuma ya darasa. Nami nikasimama ubavuni kwake, nimefurahi mpaka aibu.

Tatizo ni kwamba Gaudens anawajua watoto. Anajua ikifika dakika ya kumi lazima mmoja asimame na mwingine amsemee, kwa hiyo alishawagombeza kabisa kwenye video. Akanyoosha kidole kutoka ukutani.

"Wewe uliyesimama nyuma, nakuona. Kaa chini."

Madam Avelina akakaa.

"Na wewe mmbea unayemsemea mwenzio, kaa naye hapo hapo. Kazi yako umemaliza?"

Darasa zima likageuka kunitazama. Nikakaa.

Tulibanana kwenye dawati moja mpaka video ikaisha. Madam akauliza nusu jumlisha robo ni ngapi. Ikanyooka mikono arobaini, na aliyechaguliwa akapata.

"Lakini Madam," nikamkumbusha, "darasa halina mwalimu."

Ng'ambo ya ukuta dawati likaanguka, na watoto wangu wakashangilia kama wameona goli.

"Hili lina picha yake," Madam akasema. "La kwako lina nini?"

Ijumaa Gaudens alipewa cheo pamoja na barua ya onyo. Mimi nilipewa barua tu.