Ukoo wa Jaribio

Ukoo wa Jaribio haukuwahi kuishi popote ila ndani ya kompyuta moja, kwenye ofisi ya vyumba viwili iliyo juu ya duka la viatu. Lakini ungewasikia wafanyakazi wa ofisi ile wakiuzungumzia, ungedhani ni watu wa nyumba ya pili.

"Leo Babu Nywila kanisumbua tangu asubuhi."

"Shemeji Mtandao yuko wapi? Alikuwepo sasa hivi, mara katoweka."

Mteja mmoja aliyekuwa akingoja kwenye benchi aliwahi kuuliza, kwa huruma kabisa, kama huyo babu ameshapelekwa hospitali.

Kila anayetengeneza programu huhitaji watu wa kubuni wa kuijaribia kabla hajawagusa watu wa kweli. Wengi huandika tu Mtu wa Kwanza, Mtu wa Pili, basi, kazi inaendelea. Jirani hakuwa na tabia hiyo. Yeye aliwaumba watu wake na kuwapa koo, hasira na maradhi ya viungo. Babu Nywila alisahau neno lake la siri kila siku ya Mungu. Shemeji Mtandao alipotea wakati anapohitajika na kurudi wakati wa chakula. Juu ya wote alikuwa Shangazi Sifuri, mwenye neno la kumwambia kila mtu.

Jirani aliitwa hivyo kwa sababu meza yake iligusana na ya Nukta. Na Nukta aliitwa Nukta kwa sababu wiki yake ya kwanza kazini alishinda kutwa nzima akitafuta kosa kwenye programu, kumbe ni nukta moja imekosekana. Jirani ndiye aliyeiona, na jina ndiye aliyelitoa. Wanawake wawili, mabega yakigusana miaka yote ile, mmoja akiongea na mwingine akicheka kimya kimya.

Jirani alifariki mwaka jana, kwa ugonjwa ulioanza kama uchovu. Meza yake ikawekewa mashine ya kuchapisha. Ukoo wake ukabaki.

Kazi yao kubwa ilikuwa programu ya maktaba ya mji, ile inayowatumia ujumbe wa simu watu waliochelewa kurudisha vitabu. Ujumbe halisi ulikuwa mkavu kama biskuti ya juzi: "Ndugu msomaji, muda wa kitabu ulichoazima umepita. Tafadhali kirudishe." Ujumbe wa majaribio, ambao haukumfikia mtu yeyote ila simu ya Nukta mwenyewe, ulitoka kwa akina Shangazi.

Sasa ofisi ilikuwa ikihamisha kila kitu kwenda kwenye seva mpya, ile kompyuta kuu inayobeba kazi zote. Meneja, ambaye si mtu mbaya, alikuja akasimama kando ya mashine ya kuchapisha akaanza kuikuna kwa kidole.

"Nukta, dada yangu. Ule ukoo wako usihame nao."

"Ni wa Jirani."

"Najua ni wa Jirani." Akaendelea kukuna. "Nakala weka, sikukatazi. Lakini mkaguzi akija akamkuta mtu ana miaka mia mbili, nitamwambia nini?"

"Mwambie anajitunza."

Meneja alicheka, lakini hakubadili neno. Mwisho ulikuwa Jumamosi.

Nakala Nukta aliweka. Aliweka hata mbili. Ila nakala ilikuwa kama gauni la marehemu kabatini: lipo, halijaliwa na wadudu, na halitembei. Alichokitaka yeye ni Shangazi aendelee kusema. Kila simu yake ilipotetemeka mezani, ilikuwa kama mtu amemgusa kiwiko.

Basi Jumamosi asubuhi, ofisi ikiwa tupu, akaona awaage. Akapakia maneno yao kwenye seva mpya, maana ya zamani ilikuwa haitumi ujumbe tena, ili azisikie sauti zao zote mara moja kabla ya kufuta. Kwenye skrini ya mashine ya zamani, Jirani alikuwa amepaka dirisha la maktaba halisi rangi nyekundu na la majaribio kijani, mtu asije akajichanganya. Kwenye mashine mpya madirisha yote yalikuwa meusi bado. Mtu asiyefanya kazi hii angeuliza: hivi mtu anakoseaje dirisha? Wanaoifanya hawaulizi.

Nukta akabonyeza kutuma. Akangoja. Simu kimya.

"Shemeji Mtandao," akamwambia, "hata siku ya kuagwa?"

Akafunga kompyuta, akashuka kwenda Kijiweni.

Kijiwe ni jina la kikundi cha watengeneza programu wa mji ule. Walikutana Jumamosi kwenye darasa la cherehani lililofungwa mwisho wa wiki, wakasukuma cherehani ukutani na kugombania tundu moja la umeme kama kuku na punje. Palikuwa na wanafunzi wa chuo, mafundi wa simu, watu wa benki waliovua tai, na mwanamke mmoja mrefu wa mitambo ya mawasiliano ambaye wote walimwita Mnara. Kijiwe kilianzishwa na Jirani, na sheria yake kubwa ilikuwa ya Jirani pia: aliyevunja kitu kazini hukaa kwenye Kiti cha Moto mbele ya wenzake, akasimulia mwanzo hadi mwisho. Ruhusa ya kucheka ipo. Ruhusa ya kusema "kwani hukujua?" haipo. Akimaliza, anapigiwa makofi, ndipo wenzake wanamsaidia kufikiri. Watu walitoka kwenye kiti kile wepesi kama waliotua gunia.

Tangu msiba, Nukta alikuwa akikaa karibu na mlango na kuondoka kabla ya wengine. Siku hiyo hakuwa hata amekaa sawasawa simu ilipolia. Mama yake. Na mama yake huongea na simu kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya mto.

"Mwanangu! Mimi na shangazi zako tumegombana lini?"

"Shangazi gani, mama?"

"Mimi nitamjuaje? Ananiandikia hapa: 'Wewe mrembo, hicho kitabu ulichokilalia kimeanza kuumwa mgongo. Kirudishe kikapumzike na wenzake. Ni mimi shangazi yako, Sifuri.' Amejuaje kama kiko chini ya mto?"

Darasa zima lilikuwa limenyamaza kusikiliza. Mkononi mwa Nukta simu ilikuwa ikiendelea kusema, "Haloo? Na huo urembo wangu kauona wapi?"

Mchoraji, kijana wa ofisini kwao anayebuni sura za programu, akatoa yake mfukoni. "Jamani, na mimi nimeandikiwa. Babu Nywila. 'Mjukuu wangu, nilikuwa na jambo la maana la kukwambia, nimelisahau. Ila kitabu sijakisahau.'"

Watu wakavunjika mbavu. Wengine watatu wakakuta zao. Mmoja alikuwa ameitwa mvivu na Shangazi, na akakiri mbele ya kadamnasi kwamba hajaonewa.

"Kiti!" Mnara akasema. "Kiti, Nukta. Leo huponi."

Nukta akakaa. Akasimulia madirisha meusi, watu wa kweli waliokuwa wamehamishiwa mle usiku wa jana yake, na kidole chake kilichobonyeza. Wakacheka pale palipostahili. Kisha Mnara akakunja uso.

"Hapo sijakuelewa. Ulikuwa unajaribu nini, mpaka utume maneno yote kwa mkupuo?"

"Sikuwa najaribu," Nukta akasema. "Nilikuwa nawaaga."

Hakuna aliyecheka. Nusu ya watu mle walifundishwa na Jirani kuandika mstari wao wa kwanza. Makofi yalianza taratibu, upande wa cherehani, yakazunguka chumba chote. Ndipo wakaanza kufikiri pamoja: programu iulize kabla ya kutuma, imlazimishe mtu aandike kwa mkono kwamba anatuma kwa watu halisi. Walikuwa katikati ya ubishi Meneja alipoingia, shati limemganda mgongoni.

"Mkutubi Mkuu amepiga simu. Anakuja Jumatatu."

"Amefoka sana?" Nukta akauliza.

"Hakufoka hata kidogo. Ndicho kinachonitisha."

Jumatatu Mkutubi Mkuu alifika kabla hata dirisha halijafunguliwa. Alikuwa mama mnene, mtulivu, mwenye sauti ya mtu aliyeishi maisha yake yote mahali pasipoongelewa kwa nguvu. Akakaa kabla ya kukaribishwa.

"Shikamoo, mama," wakamwamkia kwa pamoja, kama darasa.

"Marahaba. Nataka kuonana na Shangazi Sifuri."

Meneja akakohoa. "Mama, kilichotokea ni hitilafu ndogo ya kiufundi ambayo—"

"Si hitilafu," Nukta akamkatiza. "Ni mimi, mama. Nilituma kwa kukosea. Lakini maneno si yangu. Aliyeyaandika alikuwa anakaa hapo penye hiyo mashine. Amefariki."

Mkutubi Mkuu akaitazama mashine ya kuchapisha kama mtu anavyomtazama mwenye meza yake. "Poleni sana," akasema. Akatoa simu yake. "Miaka yote tunawaandikia watu, hakuna aliyewahi kutujibu. Sikilizeni. 'Shangazi, shikamoo. Kitabu ninacho, nilikimwagia chai, ndiyo maana najificha.' Mwingine: 'Shemeji, wewe mwenyewe hupatikani, leo unanitafuta mimi?' Na huyu: 'Mwambieni babu ajaribu jina la bibi.'"

Mchoraji aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Tangu jana meza yangu haionekani kwa vitabu," mama akaendelea. Kisha sauti ikashuka zaidi. "Na kuna huyu. Alikuwa wodini, ameshika mkono wa mama yake, ujumbe ukaingia kumwita mrembo mlalia kitabu. Nimempigia mwenyewe kumwomba radhi. Hakukasirika, alikuwa amechoka tu. Kwa hiyo mimi siwezi kuruhusu maneno haya kwenda kwa watu wote. Nimekuja kuwaambia kwa mdomo, si kwa barua."

Nukta alijua yule mwanamke wa wodini alihisi nini. Juma lile la msiba, kampuni fulani ilimtumia ujumbe wa kumpongeza kwa kushinda muziki wa bure, na alitaka kuitupa simu chooni. Hapo mtu angeweza kumtetea Shangazi kwa nguvu zote. Yeye hakumtetea.

"Ni kweli, mama," akasema. "Basi mtu achague mwenyewe. Asiyechagua ataandikiwa na maktaba, kikavu, kama zamani. Anayetaka Shangazi atamwita kwa jina. Akichoka naye, anamfukuza kwa neno moja."

"Hilo linawezekana?"

"Siku mbili tu."

"Tatu," Meneja akasema haraka, kwa mazoea.

Mkutubi Mkuu akafikiri. "Na akiishiwa maneno? Watu wangu ni wasomaji. Wakirudiwa na mzaha ule ule watajua mara moja. Niletee maneno mapya kabla ya mwisho wa mwezi, ukoo ubaki. Yakikosekana, ufungwe, tusiwachoshe watu na marehemu."

Alisema bila ubaya wowote, na ndiyo maana neno lile lilimwingia Nukta barabara.

Kuandika programu kulikwenda kama maji. Kuandika maneno kukagoma. Nukta aliandika Shangazi asubuhi, akafuta. Akaandika baada ya chakula, akafuta. Alipopata mistari aliyoiona ina uhai, akamsomea Mchoraji. Mchoraji akajikuna kichwa.

"Nisikudanganye, dada. Huyu si Shangazi. Huyu ni mtu kaazima gauni la Shangazi, na mabega yanampwaya."

Nukta aliudhika, hasa kwa sababu alikuwa ameshajua. Alirudi nyumbani akamkuta mama yake sebuleni, miwani puani, akikimaliza haraka haraka kile kitabu cha chini ya mto kabla ya kukirudisha.

"Yule shangazi yenu amenifanya nisome kwa kukimbia," mama akanung'unika. "Hakuniuliza hata nimefika wapi."

Kesho yake Nukta hakumgusa Shangazi. Aliongeza mtu mpya kwenye ukoo, mpwa wake Shangazi, na akamwachia aongee anavyoongea yeye mwenyewe:

"Habari yako. Mimi ni mpwa wa Shangazi Sifuri. Kaniachia ufunguo wa nyumba na kazi zake. Sina maneno mengi kama yeye. Kitabu kama umekimaliza, kilete. Kama bado, niambie umefika wapi, nitakungoja."

Meneja akausoma akiwa amesimama, akausoma tena akiwa amekaa. "Mbona huyu mpole hivi?"

"Ndiyo kwanza amehamia," Mchoraji akamjibu. "Mwache azoee."

Programu ikamuuliza Nukta kama ana hakika anatuma kwa mtu halisi. Akaandika kwa mkono kwamba ana hakika, akamtumia mtu mmoja tu, Mkutubi Mkuu, ili aseme ndiyo au hapana.

Jibu lilikuja kabla ya mchana.

"Mpwa wangu, hata mimi nina kimoja nilichoazima, nimekwama katikati. Niongezee wiki moja."

Nukta akamwongezea mbili.