Rangi Imelia

Somo liliitwa Utangulizi wa Kuthamini Sanaa, na nililichagua kwa sababu moja tu: lilifundishwa Jumamosi asubuhi. Chuo chetu kina sheria kwamba kila anayesomea diploma ya ujenzi lazima apate somo moja nje ya fani yake. Falsafa ilikuwa Jumatatu saa nne, na Jumatatu saa nne mimi niko juu ya jukwaa la ujenzi na rola mkononi. Muziki ulikuwa Jumatano. Basi nikajikuta kwenye sanaa, mama wa miaka arobaini na sita mwenye rangi kwenye kucha, katikati ya vijana waliotamka majina ya wachoraji wa ng'ambo bila kujiuma ulimi.

Mimi ni fundi rangi, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Katika miaka hiyo nimewafundisha kazi vijana wanne ambao baadaye waliletwa kunisimamia, kwa kuwa wao walikuwa na vyeti na mimi nilikuwa na mikono tu. Wa nne alipokuja kunionyesha jinsi ya kushika brashi, nilimwambia asogee nisije nikampaka na yeye, nikaenda moja kwa moja kwa bosi. Bosi alinisikiliza huku akijikuna kichwa.

"Lete diploma kabla mwaka haujaisha, usimamizi ni wako," alisema. "Bila karatasi, mama, siwezi kukusaidia."

Masomo mengine yote nilishayamaliza. Lililobaki ni hili la kuangalia picha.

Mama yangu, ninayeishi naye, hakuamini masikio yake.

"Kwa hiyo mnakaa, watu wazima na akili zenu, mnaangalia picha?"

"Ndiyo, Mama."

"Halafu?"

"Halafu tunasema tumeona nini."

"Na hapo napo kuna mtu anafeli?"

Kulikuwa na mtu anafeli, na mtu huyo alikuwa binti yake.

Kazi ya kwanza, mwalimu alituonyesha ukutani, kwa projekta, picha kubwa ya soko. Wenzangu waliandika kuhusu upweke wa mwanadamu. Mimi niliandika nilichokiona. Anga lilipakwa mara moja wakati lilihitaji mara mbili, brashi ilikuwa kavu, na chini kushoto rangi ilikuwa imechirizika na hakuna aliyeifuta. Kwenye timu yetu michirizi ya namna hiyo tunaiita machozi. Ikitokea ukutani, mtu hupiga kelele "Rangi imelia!" na aliyepaka hukimbilia kitambaa kabla haijakauka, wenzake wakimcheka mpaka basi. Nikamalizia hivyo hivyo kwenye karatasi: rangi imelia, na aliyepaka hakujali.

Karatasi ilirudi na thelathini na nane. Chini yake, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameandika: "Unaangalia kama fundi."

Niliyasoma maneno hayo mara tatu, na kila mara damu ilinichemka upya. Ningeangalia kama nani, kama daktari wa meno? Ubaya ni kwamba mwalimu mwenyewe hakuwa mtu wa kuchukiwa. Alikuwa mrefu, mpole, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba, na alizipenda picha kweli, si kwa kujionyesha. Akieleza picha alisahau hata muda wa mapumziko. Nilimwonea wivu kwa hilo. Nilitaka na mimi kuona alichokuwa anakiona, ila kila nikitazama naona puti, msasa na brashi.

Kazi ya pili nikapata arobaini na moja. Wastani wa kufaulu ulikuwa hamsini kwa kazi tatu, kwa hiyo mtihani wa mwisho nilihitaji sabini na moja. Chini ya hapo, mwaka mwingine mzima na msimamizi mwingine wa kunifundisha kushika brashi.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kusimama na kusema. Kwenye ukumbi wa chuo zimetundikwa picha kumi na mbili. Kila mwanafunzi alichota namba kwenye kopo, akapewa wiki moja, kisha angesimama mbele ya picha yake mbele ya darasa zima na kuizungumzia kwa dakika kumi. Nilitia mkono nikatoa saba.

"Uuuuwi!" darasa zima likaguna. "Mama Rangi kwisha habari yake!"

Namba saba ndiyo ile picha kubwa kuliko zote, iliyo mkabala na mlango. Ndiyo iliyo kwenye jalada la kijitabu cha mwalimu. Ni ya kijivu na bluu, yenye mabaka ya rangi kali hapa na pale, doa moja jeusi upande wa juu, na mamia ya mistari myembamba inayokwenda juu. Haikuwa na sahihi, na aliyeichora hakuna aliyemjua. Chuo kiliipata pamoja na jengo. Jina lake, "Kupaa", lilitolewa na mwalimu mwenyewe. Kwenye kijitabu ameiandikia kurasa nne: kwamba mistari ile ni hamu ya mwanadamu ya kuiacha ardhi.

Kijana mmoja darasani, tuliyemwita Msomi kwa jinsi alivyopenda kusema "kwa muktadha huo", alinionea huruma. Alinijia na karatasi iliyoandikwa vizuri.

"Mama Rangi, usijisumbue. Hizo kurasa nne nimekufupishia. Kariri tu. Ukimpa maneno yake mwenyewe, themanini hiyo hapo."

Nikamshukuru kutoka moyoni, nikaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Jumanne, saa ya chakula, nilipita ukumbini nikiwa bado na ovaroli. Nilitaka tu kuikariri karatasi mbele ya picha yenyewe. Nikasoma: hamu. Nikatazama mistari. Nikasoma: kuiacha ardhi. Nikasogea karibu, maana mkono wangu una tabia ya kugusa ukuta kabla sijauamini, na nikajizuia hatua moja kabla ya kugusa.

Mistari ile haikuchorwa kwa brashi. Ilikuwa machozi.

Tone la rangi likichirizika huacha mkia mwembamba nyuma, na kichwa chake, kale kadonge kazito, hukaukia mbele, kule lilikokuwa linaelekea. Nimefuta vidonge hivyo maisha yangu yote, navijua hata nikifumba macho. Na kwenye picha ile vidonge vyote, mamia kwa mamia, vilikuwa juu. Rangi ile ilikuwa imelia kwenda darini. Nilicheka peke yangu ukumbini mpaka mhudumu wa chuo akachungulia. Halafu nikakumbuka sabini na moja, kicheko kikakatika.

Jioni nilimweleza Mama wakati tunachambua mchele.

"Mwalimu ameisifia miaka yote, ameiweka kwenye kijitabu," nilisema. "Na yeye ndiye anayetoa alama. Nikimwambia imetundikwa kichwa chini, si nimejichongea?"

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Mdogo wako akitoka nyumbani amevaa gauni ndani nje, unamsifia au unamwambia?"

"Namwambia."

"Mbele za watu?"

"Mama, mtihani ni mbele za watu!"

"Basi mwambie kwa adabu," alisema, akatupa jiwe dogo pembeni. Kwake yeye mjadala ulikuwa umeisha, lakini mimi sikulala vizuri mpaka Jumamosi.

Jumamosi ilifika. Nilivaa gauni langu la bluu, karatasi ya Msomi ikiwa mkononi, na nilikuwa nimeshaamua: nitakariri, nitafaulu, nitachukua usimamizi wangu, picha wataijua wenyewe. Nikasimama mbele ya namba saba. Mwalimu akavaa miwani, akaangalia saa yake, akanipa ishara nianze.

"Picha hii," nilianza, "inatuonyesha hamu ya mwanadamu ya..."

Nikaitazama. Vile vidonge vilinikodolea macho kutoka juu, kimoja kimoja. Miaka ishirini na miwili sijawahi kukabidhi ukuta nikijua una kasoro na kusema uko sawa. Hasira ilinipanda, na safari hii ilikuwa hasira yangu kwangu mwenyewe. Nikaikunja karatasi.

"Mwalimu, naomba radhi. Kwa heshima zote. Picha hii imetundikwa kichwa chini."

Msomi alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Una maana gani, mama?" mwalimu aliuliza taratibu.

Nikamwita asogee. Nikamwonyesha mkia na kichwa, mkia na kichwa, mstari baada ya mstari. Nikamwambia jinsi tunavyosema kazini, kwamba rangi imelia, na kwamba popote duniani, kwa tajiri na kwa maskini, rangi hulia kwenda chini. Aliinama akatazama kwa muda mrefu, pua yake karibu iguse picha.

"Mchoraji anaweza kuigeuza picha yake kwa makusudi," alisema hatimaye. "Wapo wanaofanya hivyo."

"Anaweza, Mwalimu. Ndiyo maana naomba ngazi."

Mhudumu akaileta. Nikapanda na gauni langu la bluu. Ngazi hainitishi, nimekula na kusinzia juu ya ngazi. Nikaiinua picha kwenye misumari yake, Msomi akaipokea chini na mwenzake, wakaigeuza nyuma. Vumbi lilitupalia wote. Kwenye mbao za fremu, upande uliokuwa chini miaka yote hiyo, kulikuwa na matundu mawili ya kulabu za zamani. Katikati yake, kwa mkaa, mtu alikuwa ameandika JUU na kuchora mshale. Pembeni, kwa mwandiko mdogo: "Nguo uani, mvua imeanza."

"Itundikeni," mwalimu alisema. "Kama ilivyoandikwa."

Tukaitundika. Nilishuka, nikarudi nyuma hatua tano kama ninavyofanya kila nikimaliza ukuta, na nikasikia darasa zima likivuta pumzi. Mabaka yale ya rangi kali yalikuwa nguo kwenye kamba: kanga nyekundu, shati la njano, na nguo ndogo ndogo za mtoto mwishoni. Lile doa jeusi, ambalo kijitabu kiliita jua la huzuni, lilikuwa beseni. Na mwanamke alikuwepo, mikono juu, anakimbilia kamba. Mvua ikimiminika kila mahali.

Mwalimu alivua miwani. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Miaka kumi na moja nimewafundisha watu kutazama."

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikawaza, haya, mwanamke, diploma yako hiyo inakwenda. Lakini alipogeuka uso wake ulikuwa umefunguka, na macho yalikuwa na maji.

"Mama," alisema, "dakika zako kumi zimeisha kwenye ngazi. Nakupa nyingine. Tuambie, umeona nini?"

Na ajabu ni kwamba safari hii niliona. Niliwaambia kuwa fundi yeyote angeyafuta yale machozi, hata mimi ningeyafuta, na ningeharibu kila kitu. Huyu aliichanganya rangi yake nyepesi kusudi, akaipaka kwa juu, akaiacha ianguke yenyewe, kwa sababu mvua haichorwi, mvua huanguka. Kasoro ninayokimbizana nayo maisha yangu yote, yeye ameifanya ndiyo kazi. Nikawaonyesha kuwa nguo alizipaka mara mbili na tatu, zikawa nzito, unaona kabisa zitalowa. Nikasema nimekosea kwenye kazi ya kwanza, ile ya soko, kwa kuwa niliona rangi imelia nikadhani hakujali, bila kujiuliza alikuwa analilia nini. Nikasema mengi. Sijui yalitoka wapi, ila yalikuwa yangu yote, na nilikuwa na furaha. Nilipomaliza Msomi ndiye aliyeanza kupiga makofi, na walipiga mpaka mhudumu akarudi kuona kuna nini tena.

Jumamosi iliyofuata tulirudishiwa karatasi. Nilifungua yangu koridoni, nimegeukia ukuta, kwa kuwa sikutaka mtu auone uso wangu. Alama ilikuwa tisini na nne. Chini yake, kwa wino ule ule mwekundu na mwandiko ule ule, mwalimu alikuwa ameandika maneno yale yale matatu, bila kuongeza wala kupunguza:

"Unaangalia kama fundi."