Pete Kwenye Chekeche

Bandani kwetu sheria ilikuwa moja: asiingie mtu na pete, bangili wala hereni. Kazi yetu ilikuwa kuchekecha mchanga uliotolewa kwenye makorongo makavu ya jangwani na kuufunga mifukoni uende maabara, wakatazame kama kuna madini ya kuchimbwa. Pete ya dhahabu ikisugua chekeche, chembe zake huingia kwenye sampuli, na jangwa tupu likaonekana tajiri.

Mdogo wangu aliijua sheria hiyo, maana mimi ndiye niliyemfundisha. Kazi yenyewe mimi ndiye niliyemwombea. Na dereva wa kambi, aliyekuwa akiniwekea kiti cha mbele mwaka mzima bila kusema neno, alipomwona yeye tu, maneno yakamtoka. Akamvisha pete.

Mpishi alinihurumia kwa namna yake. "Chanda chema huvikwa pete," akasema akinipakulia, kisha akavitazama vidole vyangu.

Tangu hapo sikuona kitu kingine. Mdogo wangu akinawa, pete. Akisuka nywele, pete. Asubuhi moja nikaiona inang'aa ndani ya chekeche. Nikamwambia aivue. Akasema haitoki, kidole kimevimba kwa joto.

"Na wewe dada, si sheria inayokuuma," akaongeza kwa upole. Huo upole ndio ulionichoma. Sikumshtaki kwa mtu, nikasubiri majibu ya maabara.

Majibu yakarudi: korongo la magharibi lina dhahabu. Mtaalamu wa miamba, tuliyemwita Mzee Mawe kwa kuwa alilamba kila jiwe aliloliokota, alicheka hadi miwani ikamdondoka. Kambi iliyokuwa ifungwe sasa ingeletewa mtambo wa kuchoronga miamba. Dereva akamnyanyua mdogo wangu juu mbele ya watu wote.

Hapo ndipo niliposema. Wala sikupaza sauti. "Mzee, mchanga wa magharibi huyu aliuchekecha na pete kidoleni."

Mdogo wangu akanitazama kana kwamba nimemvua nguo. Kama dhahabu ile ilitoka kidoleni mwake, kazi hana, na kambi haipo. Mzee Mawe akamwambia ajipake sabuni. Pete ikatoka. Akaielekezea kile kimashine chake cha mkononi kinachosoma madini ndani ya jiwe. Akatazama kioo. Akatazama tena.

"Shaba na zinki," akasema. "Dhahabu hata punje. Majibu ni ya jangwa lenyewe."

Watu wakacheka kwa nafuu. Dereva akawa anachunguza viatu vyake. Nilingoja mdogo wangu amtupie ile pete usoni. Nilingoja kwa moyo wangu wote.

"Uliniambia dhahabu," akasema.

Dereva akajibu kwamba ndiyo aliyoitaka, ila uwezo wake uliishia hapo. Mdogo wangu akaifuta povu, akaivaa.

Kesho yake mimi nilipangiwa nje, kushona mifuko. Mlangoni pa banda mdogo wangu akaivua pete mwenyewe, akaniwekea kiganjani bila kunitazama. "Nishikie mpaka nitoke."

Nikaketi kivulini na sindano yangu ya magunia, nikaijaribu. Ikaingia sawasawa, utadhani nimepimiwa mimi. Nilipokuja kuivua ilikuwa imeniachia alama ya kijani kuzunguka kidole. Nikaisugua kwa sabuni, nikaisugua kwa mchanga. Dereva alipokuja kutuchukua, niliketi nyuma, mkono mfukoni.