Simu Haziongei

"Shika vizuri, usije ukaniachia," alisema Mama Pasi, na shoga yake akakaza vidole kwenye pembe za shuka. Wakalivuta, wakalikung'uta, wakasogeleana hadi mikono yao ikakutana katikati.

Ndivyo mashuka ya hospitali yanavyokunjwa. Yanataka watu wawili, kila mmoja na pembe zake, na lazima wote wasogee. Mama Pasi alikuwa amezeekea kazi hiyo, katika chumba cha dobi ambacho joto lake halijawahi kumhurumia mtu. Mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu, na chumba cha wafanyakazi alichokuwa akilala kingepewa mwingine.

"Wanao wameamuaje?" shoga yake aliuliza. "Unakwenda kwa nani?"

"Bado hawajaongea. Simu zao haziongei."

Shoga yake alimtupia jicho, akafungua mdomo, akaufunga. Akainama kuchukua shuka jingine.

Maneno hayo yalikuwa ya wanawe wenyewe. Yule wa kwanza, ambaye nyumbani alizoeleka kuitwa Kifungua, alimwambia, "Vuta subira, Mama, niongee kwanza na mdogo wangu. Tatizo simu zetu haziongei." Kitinda, yule wa mwisho, naye alijibu vivyo hivyo, kwa sauti ileile ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Mama mwingine angeng'amua papo hapo. Huyu alikuwa amewalea mwenyewe, akawaamini, akaibeba kauli yao kama ilivyo hadi kwa fundi simu nje ya geti la hospitali.

"Haziongei kivipi, mama?" fundi aliuliza.

"Fundi ni wewe au mimi?"

Fundi akacheka, akamvutia kigoda. Akadodosa. Kifungua alikuwa na simu ya bei mbaya, zile zenye alama ya tunda. Kitinda simu yake ilizama majini, akawa anategemea kompyuta ya kazini, kwenye kiwanda cha uchapaji, nayo ilikuwa ya aina yake. Mama Pasi mwenyewe alikuwa na simu ya kugusa ya kawaida, kioo kimepasuka.

"Kumbe hapo ndipo penye kazi," fundi alisema. "Tunatafuta programu ya kutumiana ujumbe, iwe ya bure, na ikubali kote kutatu."

Akaanza kutafuta. Ya kwanza ilikubali simu za tunda tu. Ya pili ilijifanya ya bure, na ilipofunguliwa tu ikadai kulipwa. Ya tatu ilikuwa haikubali kompyuta za aina ya Kitinda.

"Inaringa nini?" Mama Pasi alifoka. "Kwani inaombwa mchumba?"

Ya nne ikakubali. Simu, kompyuta, ya zamani, ya jana, kote iliingia bila nongwa. Mama Pasi akapiga kofi kwa furaha mpaka wapita njia wakageuka. Hapohapo akawapigia wanawe, Kitinda kwa simu ya kiwandani, fundi akimnong'oneza maelekezo pembeni.

"Mama, niko kikaoni," alisema Kifungua.

"Iweke hukohuko kikaoni."

"Mama, kazini wanakataza," alisema Kitinda.

"Mwambie bosi wako mama yako anahamishwa."

Wote wawili wakaiweka. Wangesemaje? Fundi akawafungulia chumba cha watu watatu, na Mama Pasi akakipa jina: Nyumbani.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alikaa juu ya fungu la mashuka machafu akaandika kwa kidole kimoja: "Wanangu, humu simu zinaongea. Haya ongeeni."

Majina yote mawili yalikuwa na alama ya kijani. Walikuwapo.

"Shikamoo Mama," aliandika Kitinda.

"Mama umekula?" aliandika Kifungua.

"Marahaba. Nimekula. Msiongee na mimi, ongeeni nyinyi."

Kitinda akaandika, "Mama, muulize mwenzangu kama kwake kuna nafasi."

"Si yumo humu? Muulize mwenyewe."

Maneno ya Kifungua yakaja kwa mkupuo: "Bingwa wa kuuguza si wewe? Si ulinitangaza makaburini kwamba kuuguza sikuja, nimekuja kuzika tu? Basi mchukue na mama umuuguze."

"Nilisema kweli. Baba uliniachia nimuuguze peke yangu. Hii zamu yako."

"Kwangu hakuna nafasi."

"Na kwangu hakuna."

Mama Pasi alisoma, akarudia. Siku ile ya mazishi ya mumewe, yeye alikuwa ndani na wanawake. Hakuna aliyemwambia kilichosemwa makaburini, na sasa alielewa kwa nini shoga yake aliufunga mdomo. Watu wote walijua isipokuwa yeye. Aibu ilimchoma kabla ya uchungu, kisha uchungu ukaja wenyewe, mzima mzima. Tena hakuwa mgonjwa. Alikuwa na nguvu zake zote, na wanawe walikuwa wakirushiana yeye kama chungu cha moto.

Ghafla maneno yakaanza kutoweka mbele ya macho yake. Ujumbe huu umefutwa. Ujumbe huu umefutwa. Walikuwa wamekumbuka kwamba yumo.

"Mama," aliandika Kifungua, "umeona tulichoandika?"

Kidole chake kilining'inia juu ya kioo kilichopasuka. Kisha akaandika: "Sijaona kitu baba. Simu yangu haiongei."

Akaizima, akaitia mfukoni mwa aproni. Shoga yake alikuwa ameshasimama na shuka mkononi.

"Vipi, zinaongea?"

"Zinaongea," alisema Mama Pasi. "Zinaongea vizuri mno."

Akazipokea pembe zake. Wakalivuta shuka, wakalikung'uta. Shoga yake akaanza kusogea, lakini Mama Pasi alibaki pale pale. Shoga yake akaumaliza mwendo wote peke yake, akasimama mbele yake na pembe mbili mikononi, akingoja zipokelewe.