Falaniko Kutoka Ukutani

Mama Telesia Faumuina alifika studio yetu ya Wellington saa nne asubuhi, kumsikiliza marehemu mumewe. Filamu ilihusu kwaya ya Wasamoa wa kanisa lao. Wimbo wake mkuu ulirekodiwa mwaka 1971 kwa maikrofoni mbili tu, na Falaniko, kiongozi wa kwaya, alisimama kati ya hizo mbili. Bila idhini ya mjane wake, wimbo ungeondolewa kwenye filamu, na bila wimbo hapakuwa na filamu.

Kuupanga wimbo huo katika ukumbi wenye spika pande zote ilikuwa kazi yangu. Sauti ya maikrofoni ya kushoto niliipeleka spika ya mbele kushoto, ya kulia nikaipeleka kulia, na mwangwi kidogo nyuma. Spika ya kati, iliyo nyuma ya skrini, niliiacha kimya. Mereana, mwenzangu kwenye meza ya kuchanganyia sauti, alinishauri niitilie sauti kidogo. Nilimjibu kwamba nilisomea sauti shule ya usiku miaka minne, nikitoka kiwandani, na kwamba stereo nzuri, sauti ya pande mbili, haikatwikatwi. Nilipokaa mezani, katikati ya ukumbi, Falaniko alisikika akiimba pale pale penye uso wake.

"Ni hapo tu ulipokaa wewe, mzee," alisema Mereana.

Sikumwuliza ana maana gani. Niliielewa mjukuu wa Mama Telesia alipomwingiza bibi yake kwenye kiti cha magurudumu. Nafasi pekee ya kukiweka ilikuwa mwisho wa safu, kushoto, karibu na ukuta.

Filamu ikaanza. Wimbo ulikuwa dakika ya sita. Dakika ya tano nilimwachia Mereana meza, nikaenda kuchuchumaa kando ya yule mama, nisikie anachosikia yeye.

Falaniko alifungua kinywa kwenye skrini. Sauti yake ikatoka ukutani, kwenye spika ya kushoto iliyokuwa karibu nasi, kama jirani anayeimba chumba cha pili. Mama Telesia akageuka kuutazama ukuta.

"Huyu nani?" aliniuliza.

Nilimwonyesha Mereana katikati ya skrini, kisha nikainua kiganja taratibu. Akaipandisha spika ya kati kidogo kidogo, mpaka sauti ikauacha ukuta na kutulia kinywani mwa mwenyewe. Ule upana niliojivunia ukapungua. Nilisikia kwaya nzima ikisogeleana. Mama Telesia akarudisha macho kwenye skrini.

Ubeti wa pili ulipokwisha alinigusa bega.

"Kijana, ubeti wa kwanza umeimbwa na ukuta. Rudisheni nyuma nimsikie mume wangu, ndipo nitasema."

Mereana akarudisha. Nilibaki nimechuchumaa, magoti yakiniuma, sithubutu kumtazama usoni. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wimbo ulipokwisha alimwomba mjukuu kalamu ya kutia saini ile idhini, na mimi akaniambia nisisogeze kitu chochote tena.