Jiwe la Juu ya Mlango wa Dhiab

Lori lilikuwa limeshaacha kijiji nyuma, na wanawake walipiga vigelegele kila tulipokata kona. Fikriya alikaa mbele na dereva, shela usoni. Sisi wengine tulisimama nyuma tukishikana mabega. Ndoa ilifungwa asubuhi nyumbani kwa baba yake; ilibaki kumfikisha mjini As-Salt kwa mume mpya, Dhiab, muuza nafaka.

Mume wa kwanza, Rushdi, alikuwa mchonga mawe kama mimi. Tulipiga nyundo pamoja mpaka alipokwenda kusini kutafuta kazi. Baadaye akaja dereva mmoja na joho la Rushdi, akasema homa imemuua njiani na wamemzika hukohuko. Fikriya akalia, akakaa eda, ikaisha, akaendelea kukaa. Watu walimsema weee, mpaka akakubali posa ya Dhiab.

Nyumba ya Dhiab ilikuwa mpya, mawe ya manjano yanawaka jua. Mama yake akatoka na donge la unga wa chachu lililochomekwa majani ya mzeituni. Kwetu bibi harusi haingii mpaka alibandike juu ya mlango. Likishika, ndoa imeshika.

Fikriya akainua mkono kupapasa pa kubandika. Akasita. Akapapasa tena, polepole, kama kipofu anayetafuta uso wa mtu.

"Bandika basi, bibi harusi!" shangazi mmoja akapaza sauti. "Au unangoja uwe mkate?"

Watu wakacheka. Fikriya akatupa shela nyuma. Uso ulikuwa mweupe kama ule unga.

"Abu Nayif, njoo uguse hapa."

"Mwanangu, mimi nitagusaje mlango wa watu siku ya harusi?"

"Njoo!"

Nikaenda. Nikaweka kiganja juu ya jiwe, nikafuata mistari yake kwa vidole.

Mchonga mawe akimaliza kulainisha uso wa jiwe kwa nyundo ya meno, mapigo yake hubaki pale, mstari kwa mstari. Ya Rushdi yalilala kinyume na yetu, maana alitumia mkono wa kushoto. Na bega lake lilikuwa bovu, likimchoma akipiga. Basi katikati ya mstari mapigo yalififia, halafu likaja moja la hasira, lenye kina. Mimi niliyajua kwa kukaa karibu naye. Fikriya aliyajua kwa kumpelekea mkate machimboni na kumkanda bega hilo usiku. Na jiwe lenyewe lilikuwa jipya, vumbi lake bado linashika vidole.

"Rushdi yu hai!" Fikriya akapiga ukelele. Donge likaanguka.

Vigelegele vikakatika. Mama Dhiab akakaa chini palepale mlangoni. Dhiab alibaki na tabasamu la harusi usoni, kasahau kuliondoa.

"Jiwe hili umelitoa wapi?" nikamuuliza.

"Gerezani, Abu Nayif. Wafungwa wanachonga, kila mtu ananunua kwao. Mimi nimekosa nini?"

Nikaenda gerezani na baba yake Fikriya. Askari wa zamu akasema hana Rushdi yeyote. Nikamwambia nataka yule wa kushoto, mwenye bega bovu.

"Aa, Khalaf!" akasema. "Sema mapema, mzee."

Akaletwa. Ndevu zimejaa vumbi, pingu miguuni. Baba mkwe wake akashika ukuta, akaanza kutamka shahada.

"Nani kawaambia?" Rushdi akauliza. Hata salamu hakuna.

"Umewekwa juu ya mlango wa Dhiab," nikamjibu. "Mke wako alikuwa anaingia."

Akachutama, kichwa mikononi. Kule kusini, akasema, aligombana na msimamizi, akampiga kwa nyundo, mtu akafa. Alipokamatwa akataja jina la uongo, akaletwa gereza hili, halafu akamtuma dereva na joho, ili mke awe huru na ndugu zake mwenyewe wasidaiwe damu, maana kwetu kisasi huangukia ukoo mzima wa muuaji.

"Ungechonga kama watu wengine basi, mjinga wewe!" baba mkwe akafoka, machozi yakimtoka.

"Nilijaribu, ami. Siku ya kwanza nilijaribu. Jiwe likawa baya, nikalala nalo kichwani. Asubuhi nikalirudia kwa mkono wangu." Akaniangalia. "Amesema kwa sauti? Mbele ya watu?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Harusini walikuwamo madereva, na habari ikishapanda lori haishuki mpaka ifike kusini.

Akaelewa. Akainuka ghafla, mnyororo ukalia miguuni.

Kadhi aliibatilisha ndoa ile wiki hiyohiyo. Ndugu za Rushdi walihama usiku na watoto wao, kama mila ya damu inavyotaka. Mizeituni yao ikavunwa na wengine. Mdogo wao aliuawa barabara ya Jerash kabla sulhu haijapatikana. Fikriya alihamia Irbid na wakwe zake, wakala naye sahani moja, lakini mama yake Rushdi hakumsemesha tena mpaka anakufa. Dhiab alioa binti wa mwoka mikate. Jiwe hakuling'oa, alilipaka chokaa. Rushdi alitoka gerezani na kifua kibovu, akaishi na Fikriya, akiuza mayai. Hakushika nyundo tena. Dereva wa joho hakuonekana tena. Mimi nilikwenda na nyundo yangu Dameski, kisha Aleppo, kisha kwingine.